Dentro, Adentro au Interior?



Kuna swali nimekuwa nikilizungusha kichwani huku kwetu Dirma: "ndani" kwa Kihispania inasemwaje? Maneno yapo matatu. Dentro ni kuwa ndani tu, kama unga ulivyo ndani ya debe. Adentro ina mwendo, ni kuelekea ndani. Interior ni upande wa ndani wenyewe, ule usioonekana ukiwa nje.

Mtakatifu Teresa wa Avila aliandika kitabu mwaka 1577 akakiita Castillo interior, yaani Ngome ya Ndani. Roho ni ngome yenye makao saba, na Mungu anakaa katikati kabisa. Lakini wapo watu wanaoishia uani pamoja na walinzi, hata hawajui ndani kuna nani. Mlango wa kuingilia ni sala. Kwa hiyo kuwa na interior haitoshi, kila mtu anayo. Swali ni kama unakwenda adentro.

Sasa ugumu uko hapa: mtu anaweza kujifungia ndani akasema ni sala. Tazama Luka 17:21. Biblia nyingine zinasema ufalme wa Mungu umo "ndani yenu", nyingine zinasema "kati yenu". Neno la Kigiriki linaweza kubeba yote mawili. Tuchague lipi?

Mimi nasema tusichague haraka. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang likafunika nyumba Katesh, mtu aliyesali moyoni mwake tu, huku ana blanketi la ziada kabatini, alifika wapi? Aliishia uani. Teresa mwenyewe akifika makao ya saba hasemi tulale humo. Anataka matendo. Anataka Martha na Maria wakae pamoja.

Sisi Wairaqw, tukitaka kusema ndani ya nyumba kwa lugha yetu, tunataja tumbo la nyumba. Na tumbo, ndugu yangu, halipokei chakula ili lishibe lenyewe. Linapokea ili mwili wote upate nguvu. Nadhani "ndani" anayoitaka Mungu ni ya namna hiyo.

Basi wiki hii jipe dakika kumi za kimya kila siku. Halafu inuka, nenda kamtembelee mtu mmoja mwenye shida. Mungu akubariki!