Leseni ya Mlima

Mjukuu wangu, naambiwa umelalamika tena kwamba wenzako uliobeba nao mizigo wameshakuwa viongozi wa wageni, na wewe bado. Keti. Nitasema taratibu, maana siku hizi hata kuongea kunanichosha.

Kwamba u mgumu, hakuna anayebisha. Kilo 20 unazifikisha kambi ya Barafu na hema linasimama kabla wageni hawajatokeza. Lakini vijana wenye miguu Kilimanjaro ni wengi kama migomba ya Marangu. Kiongozi hulipwa kwa kutazama.

Kutoka Barafu hadi kilele cha Uhuru ni zaidi ya mita 1,200 za kupanda, usiku, kwenye baridi. Kule juu, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata mtu wa Tanga. Na mgeni hatakuambia anaumwa. Amelipa fedha nyingi, kwao ameaga kwa mbwembwe, atasema yuko sawa huku anatapika. Basi mwache aseme, wewe mwangalie miguu. Mtembeze kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akiyumba, hofia kwamba ubongo umeanza kuvimba. Akikaa kitako bado anahema, kifua kinakoroma, hofia kwamba mapafu yanajaa maji. Hapo hamsubiri kukuche. Mnashuka, hata kama Stella Point, ukingoni mwa kasoko, mnaiona. Mtungi wa oksijeni na vidonge ni vya kumsaidia ashuke. Anayevitumia kumsukuma mgonjwa apande, huyo simwiti kiongozi, awe na leseni kumi.

Kumgeuza mtu mzima saa kumi usiku, tena ambaye bahasha ya tipu anayo yeye, bila kumdhalilisha, kwa lugha anayoielewa: hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mafunzo ya hifadhi nenda, ya huduma ya kwanza usikose, mtihani kaufanye. Kiingereza chako nacho kinahitaji kunyooshwa, usinune. Ila hilo la kumgeuza mtu utalipata kwa kutembea nyuma ya anayelijua.

Nasikia pia mnasema barafu ya kileleni inakwisha, kwa hiyo ya nini kujifunza kamba na viatu vya meno. Inakwisha kweli. Mwaka 1912 ilikuwa takriban kilomita za mraba 12, leo hazifiki 2. Lakini ikiyeyuka inaachia mawe iliyokuwa imeyashika. Januari 2006, kwenye njia ya Western Breach ya mlima wetu huu, mawe yaliporomoka na kuua Wamarekani watatu. Kwa hiyo pale utajifunza saa za kupita, kabla jua halijayapata yale mawe, na utajifunza kukataa kupita. Kamba yenyewe kajifunzie milima ya Rwenzori, kwenye njia ya kilele cha Margherita, ambako barafu bado inadai ufundi huo.

Msimu huu usiombe kutangulia. Omba uwe msaidizi, ukae mkiani mwa msafara, maana wanaoumwa huanzia kubaki nyuma. Ukiweza kumtambua mgonjwa kabla mwenyewe hajakiri, njoo tuzungumze habari za leseni, na mimi mwenyewe nitakwenda kukusemea.