Ajali, Hatia na Deni la Mkono Usiokusudia

Neno ajali liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili si kugongana kwa magari wala kuangukiwa na mti, bali ni muda uliowekwa, yaani kikomo ambacho Mwenyezi Mungu amempangia kila kiumbe. Na ingawa matumizi ya kila siku yamelisogeza neno hilo hadi likamaanisha tukio baya lisilotarajiwa, ile maana ya kwanza haijatoka ndani yake. Ndiyo sababu anayesema kwamba ajali haina kinga husema mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba tukio halikuzuilika na kwamba hakuna wa kulaumiwa. Swali linalochunguzwa hapa ni iwapo jambo la pili linatokana kweli na la kwanza, na aina ya kifo inayolifichua swali hilo vizuri kuliko nyingine ni kile kinachotokea pale bunduki inapofyatuliwa kwa maigizo, mbele ya kamera, ikiwa mkononi mwa mtu ambaye kazi yake ni kujifanya anaua.

Shauri linalojulikana zaidi katika miaka ya karibuni ni la filamu iitwayo Rust, iliyokuwa ikirekodiwa katika shamba la Bonanza Creek, jimbo la New Mexico nchini Marekani. Tarehe 21 Oktoba 2021 mwigizaji Alec Baldwin alikuwa akijizoeza kuchomoa bastola, ikafyatuka, risasi ikampata mpiga picha mkuu Halyna Hutchins na kumuua, kisha ikamjeruhi begani mwongozaji Joel Souza. Katika kazi ya filamu hutofautishwa risasi za moto, ambazo ni risasi halisi; risasi baridi, zenye baruti lakini zisizo na kichwa cha risasi, ambazo hutoa mlio na moshi tu; na risasi za maonyesho, zinazofanana na za kweli kwa sura lakini hazina baruti ndani. Risasi za moto hazikupaswa kuwapo mahali pale kabisa, ila zilikutwa zimechanganyika na zile za maonyesho. Mtunza silaha, Hannah Gutierrez-Reed, ambaye hakuigusa bastola dakika ilipofyatuka, alitiwa hatiani Machi 2024 kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miezi 18. Msaidizi wa kwanza wa mwongozaji, David Halls, hakupinga shtaka la kutumia silaha ya hatari kwa uzembe, akapewa miezi 6 ya uangalizi nje ya gereza. Kesi ya Baldwin mwenyewe, aliyekana kuvuta kifyatulio, ilifutwa tarehe 12 Julai 2024 kwa sababu upande wa mashtaka ulikuwa umeuficha upande wa utetezi ushahidi kuhusu risasi. Kwa hiyo baraza la wazee wa mahakama halikupata kusema kama mtu aliyeishika silaha, baada ya kuambiwa kuwa ni salama, anawajibika kwa kile kilichotoka ndani yake.

Miaka 28 kabla ya kifo cha Hutchins, tarehe 31 Machi 1993, mwigizaji Brandon Lee alikufa huko Wilmington, North Carolina, kwa namna inayotatiza zaidi. Kichwa cha risasi ya maonyesho kilikuwa kimenasa ndani ya mtutu bila mtu kukiona, na baadaye risasi baridi ilipofyatuliwa katika bunduki ileile, nguvu ya baruti ilikisukuma kichwa kile kama risasi ya kweli. Vitu viwili, ambavyo kila kimoja peke yake kisingeweza kuua kwa namna ile, viliungana na kuua, na hakuna aliyefunguliwa mashtaka ya jinai.

Nchini Tanzania, kwa mfano mkoani Singida, tatizo hili la nani awajibike lingekuja na sura yake. Tuseme kikundi cha vijana kinarekodi tamthilia kuhusu majangili wa Pori la Akiba la Rungwa, katika wilaya ya Manyoni, na kwa kukosa bunduki ya bandia kinaazima gobore, ile bunduki ya kienyeji inayoshindiliwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomo wa mtutu. Bastola ya kisasa hufunguliwa na kila tundu likaonekana, lakini gobore halifunguliki. Njia ya kujua kama limeshindiliwa ni kutumbukiza mti wa kushindilia ndani ya mtutu na kupima umeishia wapi. Mwenye gobore anajua hilo, ilhali kijana aliyepewa kuigiza ujangili hajui, na huenda hajui hata kwamba kuna jambo la kuulizwa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inamtaka mtayarishaji awe na kibali kabla ya kurekodi, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na leseni, lakini sheria hizo mbili hazimpi mtunza silaha wa maigizo cheo wala wajibu unaotajwa kwa jina. Risasi ikitoka, kitabu kitakachofunguliwa ni Kanuni ya Adhabu.

Kanuni hiyo, ambayo ni Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, inasema katika kifungu cha 10 kwamba mtu hawajibiki kijinai kwa tendo lililotokea bila hiari yake wala kwa tukio lililotokea kwa ajali. Lakini sentensi hiyohiyo inaanza kwa kuyatenga masharti yanayohusu uzembe, na hapo ndipo mlango unapofungwa nusu. Kifungu cha 195 kinaeleza kosa la kuua bila kukusudia kuwa ni kusababisha kifo kwa tendo lisilo halali au kwa kuacha kutimiza wajibu, pale uachaji huo unapofikia uzembe wa kulaumika katika jambo linalohusu uhai au afya ya mtu. Tofauti yake na kosa la mauaji ya kukusudia la kifungu cha 196 ni dhamira ovu, yaani nia ya kuua au kudhuru vibaya iliyokuwapo kabla ya tendo. Watanzania wengi walilizoea jina la kosa la kuua bila kukusudia kutokana na shauri la kifo cha mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, ambapo Mahakama Kuu, Novemba 2017, ilimtia hatiani mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael na kumpa kifungo cha miaka 2. Adhabu ya juu ya kosa hilohilo ni kifungo cha maisha. Umbali kati ya miaka miwili na maisha unaonyesha jinsi sheria inavyokusanya chini ya jina moja matendo yasiyofanana hata kidogo.

Historia ya Singida yenyewe imewahi kulazimika kufikiri juu ya mkono unaoua bila kuwa na dhamira yake. Katika miaka ya 1940 vijiji vya Unyaturu vilikumbwa na vifo ambavyo watu wengi waliamini kuwa ni kazi ya watu-simba, yaani binadamu waliovishwa ngozi na kutumwa kuua, na serikali ya kikoloni iliwashtaki na kuwanyonga baadhi ya watuhumiwa. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyeishi miongoni mwa Wanyaturu muda mfupi kabla ya Uhuru, baadaye aliandika makala ya kuyapitia upya maelezo hayo. Ukweli wa matukio utabaki kwa wanahistoria; kinachohusika hapa ni umbo la shutuma zenyewe, kwani ilisemwa kwamba kuna aliyevaa ngozi, kuna aliyemfuga na kuna aliyemkodi, na kwamba yule wa kwanza alikuwa amenyimwa akili yake mpaka akawa chombo. Mauaji yale, tofauti na ya maigizo, yalidaiwa kukusudiwa. Hata hivyo fikra iliyokuwamo ni nzito, nayo ni kwamba hatia haikai lazima palipo na damu, bali inaweza kurudi nyuma kwa kuifuata kamba hadi kwa mtu ambaye hakuwapo kabisa.

Fikra hiyo inatosha kumhukumu mtunza silaha, lakini haisemi chochote kuhusu yule mwigizaji. Akiwa ameambiwa kwamba bunduki ni salama, na akiwa hana ujuzi wa kulikagua gobore, anaondoka mahakamani bila hatia, na kwa mtazamo wa sheria habari yake imekwisha. Dini mbili zenye waumini wengi mkoani Singida, Ukristo na Uislamu, hazikubali kwamba imekwisha, na hapo ndipo mafundisho yao ya kale yanapoiona hali ya mwanadamu kwa undani kuliko Kanuni ya Adhabu.

Torati, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati sura ya 19, inamtaja mtu anayekata kuni msituni na mwenzake, shoka likachomoka mpinini na kumuua yule mwenzake. Hakuwa na chuki, hivyo hastahili kufa. Lakini pia hastahili kurudi nyumbani kwake kana kwamba hakuna lililotokea, bali anakimbilia mji wa makimbilio, mmoja kati ya sita iliyotengwa, na kwa mujibu wa Hesabu sura ya 35 anakaa humo hadi kuhani mkuu afe. Huyu si mkosaji wala si mtu huru. Torati hiyohiyo inamwagiza anayejenga nyumba azungushie dari yake ukingo, mtu asije akaanguka, na inamhukumu mwenye ng'ombe aliyekwisha kuonywa kwamba mnyama wake hupiga watu pembe asimfunge. Thomas wa Akwino, ambaye mafundisho yake yamelea maadili ya Kanisa Katoliki, alishika mstari huo alipofundisha kwamba anayeua kwa bahati mbaya hana dhambi ya mauaji ikiwa alikuwa akifanya jambo halali na kwa uangalifu unaotakiwa, na kwamba kinapokosekana kimoja kati ya hivyo hatia inarudi.

Uislamu umelipanga jambo hili kwa usahihi wa kustaajabisha. Aya ya 92 ya Surat An-Nisaa inamwekea aliyeua kwa makosa mizigo miwili: dia, yaani fidia inayokabidhiwa jamaa wa marehemu isipokuwa wakiisamehe, na kafara, ambayo ni kumwacha huru mtumwa muumini, na kwa asiyeweza, kufunga miezi miwili mfululizo. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wanafundisha kwamba dia ya kuua kwa makosa hulipwa na jamaa wa kiume wa upande wa baba kwa pamoja, wala haimwangukii mtu mmoja. Lakini kafara haichangiwi. Hasara ya waliofiwa inagawanywa kwa wengi, kwa kuwa bahati mbaya ingeweza kumpata yeyote kati yao, ilhali uzito wa kuwa mkono uliotumika unabaki kwa mwenye mkono, naye hupewa kazi ya kufanya nao, hata kwa miezi miwili. Hadhalilishwi kwa kuitwa muuaji, wala haambiwi asahau.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliligusa jambo hilihili mwaka 1976 kwa mfano wa dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lolote, ambaye watu humfariji, na kwa haki, lakini wangemwona wa ajabu kama angefarijika upesi mno. Kwa mkoa unaopitiwa na malori ya masafa marefu yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Rwanda na Kongo, mfano huo hauhitaji kufafanuliwa. Alichokosa Williams ni kitu cha kumpa dereva yule baada ya majuto, na mji wa makimbilio na saumu ya miezi miwili ni majibu ambayo falsafa yake haikuwa nayo.

Yapo mapingamizi ya imani, yanayosikika katika kila msiba: kazi ya Mungu haina makosa, na siku ikifika imefika. Lakini mafundisho yaleyale yanayokiri kudra ndiyo yaliyoweka dia, na ndiyo yanayomtaka mtu amfunge ngamia wake kamba kabla ya kumtegemea Mungu. Kama kudra ingekuwa inafuta wajibu wa viumbe, masharti hayo yasingekuwa na kazi. Ajali isiyo na kinga ipo kweli. Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akitengeneza na baba yake filamu kuhusu Serengeti, alikufa tarehe 10 Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai, na si haki kumtafutia mtu lawama kwa njia aliyopita ndege wa angani. Gobore lililoshindiliwa na kuletwa kwenye maigizo halimo katika fungu hilo, kwa kuwa kabla halijafika mkononi mwa mwigizaji limepita mikono ambayo kila mmoja ungeweza kutumbukiza ule mti na kupima.

Katika shauri la Rust, mume wa marehemu aliafikiana na watayarishaji mwaka 2022 katika madai ya fidia, naye akawa mtayarishaji mtendaji wa filamu hiyo, iliyokamilishwa huko Montana mwaka uliofuata. Mapatano ya namna hiyo yanaweza kufanyika Tanzania katika madai, na mahakama ya jinai nayo ina uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia, ila hayaigusi kesi ya kifo yenyewe, kwa maana hiyo ni ya Jamhuri. Mahakama Kuu inapoketi Singida kusikiliza shauri la namna hiyo, mama wa marehemu huweza kuitwa kama shahidi, akaapa, akajibu maswali na kuambiwa ashuke. Mshtakiwa aliyeachiwa kwa kifungu cha 10 hutoka kwa mlango uleule, na hakuna mstari wowote katika hukumu unaomwelekeza, akikutana na mama huyo uani, amwambie nini au amfanyie nini.