Usipande kwa Kuwa Benchi Limepanda

Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo, mliobatizwa na kupakwa Krisma, nina neno nanyi kabla ya Jumapili ijayo. Wakati wa komunyo ukifika, benchi la mbele linasimama. La pili linafuata, la tatu linafuata, na wewe uliyekaa katikati unashtukia uko mbele ya padre, mdomo wazi, bila kujiuliza hata mara moja kama ulipaswa kufika pale. Kilichokupandisha ni njaa ya Mwili wa Bwana? Sema kweli. Umepanda kwa aibu. Umewaza mama mkwe atasema nini akikuona umebaki, na mwenyekiti wa jumuiya atakutazama vipi mkitoka nje.

Mnaoishi kando ya barabara ya Rusumo na ya Kabanga mnaiona kila siku foleni ya malori. Hakuna dereva anayevuka kwenda Rwanda au Burundi kwa kuwa tu amekaa kwenye foleni. Anavuka kwa kuwa karatasi zake zimekamilika. Ambaye hazijakamilika anawekwa pembeni, analala hapo hapo mpaka azikamilishe, na wala hakuna anayemcheka. Mbele ya altare sisi tumegeuza mambo: asiye na karatasi anapita kifua mbele, na aliyejiweka pembeni kwa uaminifu ndiye tunayemnong'ona. Acheni kunong'ona! Huyo aliyebaki kwenye benchi huenda amechelewa kula asubuhi, huenda anasubiri nafasi ya kuungama. Hayakuhusu. Huenda siku hiyo anaiheshimu Ekaristi kuliko wewe uliyepanda.

Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho juu ya jambo hili hili. Walikuwa wanakusanyika kwa ajili ya meza ya Bwana huku mmoja analewa na mwenzake anashinda njaa. Hakuwaambia waache kupokea. Aliwataka kila mmoja ajipime kwanza, ndipo ale, kwa kuwa alaye bila kuutambua Mwili ule anakula hukumu yake mwenyewe. Maneno mazito hayo, na yaliandikwa kwa watu waliobatizwa kama sisi.

Basi kujipima kunaanza lini? Kunaanza Jumamosi, tena nyumbani, tena kwa jirani. Jimbo letu lina bahati katika hili. Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, alikwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa na kushika jembe pamoja nao. Alihimiza jumuiya ndogo ndogo kwa nguvu zake zote, kwa imani kwamba maisha ya Utatu Mtakatifu ni maisha ya kushirikiana, na kwamba tunaalikwa kuyaishi wala si kuyafumbua kama kitendawili. Sasa tazama tulichozifanyia jumuiya hizo. Tunasali rozari, tunachanga mchango, tunasoma tangazo la zaka, tunatawanyika. Fulani na fulani hawajasalimiana tangu mwaka juzi kwa ajili ya mpaka wa shamba la migomba, sote tunajua, na hakuna anayethubutu kuwakalisha chini. Yuko aliyemsingizia bibi wa watu uchawi. Yuko aliyewafukuza watoto wa marehemu kaka yake kwenye shamba la urithi. Jumapili wote hao wanaitika Amina. Bwana alishasema: ukikumbuka mbele ya altare kwamba ndugu yako ana jambo nawe, iache sadaka yako pale pale, nenda kapatane naye kwanza. Hakusema utume salamu za amani kwa kupunga mkono ukiwa benchi la nyuma.

Mkiona ninayakuza mambo, ngoja niwakumbushe yale ambayo wilaya ya Ngara iliyashuhudia kwa macho yake. Pasaka ya mwaka 1994 iliangukia tarehe 3 Aprili. Ng'ambo ya mto Kagera, huko Rwanda, nchi ambayo sehemu kubwa ya watu wake walikuwa Wakatoliki, makanisa yalijaa siku ile. Watu walikomunika, jirani kwa jirani, ubavu kwa ubavu. Ndani ya wiki hiyo hiyo mauaji yalianza. Parokia ya Nyarubuye haiko mbali na mpaka wetu. Watu walikimbilia kanisani wakidhani hapo hawataguswa, wakauawa hapo hapo, na baadhi ya waliowaua waliwafahamu kwa majina. Maiti zilielea mtoni zikapita Rusumo. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikageuka mji kabla ya wiki kwisha. Wazee wa Ngara mnakumbuka. Wengine mlibeba maji na ndizi mkawapelekea.

Sisemi kwamba ugomvi wako wa mpaka ni mauaji ya kimbari. Nasema kwamba watu walikula Mkate mmoja huku wakiwa na chuki iliyotunzwa, iliyolishwa, iliyotangazwa hata redioni, na Mkate ule haukuwazuia, kwa sababu Bwana havunji mlango wa moyo uliofungwa kwa ndani. Chuki ya kabila na chuki ya ukoo huota katika udongo ule ule. Ing'oe Jumamosi. Vuka ua, piga hodi, sema: “Jirani, nimekuja tuyamalize.” Akikataa, wewe umefanya sehemu yako.

Kisha kuna kitubio. Padre anafika kigangoni kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, anavaa stola ya zambarau, anakaa kwenye kiti cha mbao chini ya mwembe. Nani anamfuata? Bibi wawili watatu na watoto wa mafundisho. Vijana wako pembeni wanachezea simu, akina baba wanajadili bei ya kahawa. Saa moja baadaye kanisa zima linapanga mstari wa komunyo! Je, parokia hii imejaa watakatifu, au tumezoea? Ukiwa na dhambi ya mauti, tendo la majuto la haraka haraka halikupi ruhusa ya kupanda. Nenda chini ya mwembe. Hakuna ambalo padre huyo hajawahi kulisikia, na siri yako atazikwa nayo.

Juu ya kufunga nitasema kwa kifupi, maana sheria yenyewe imekuwa fupi. Wazee wetu walifunga tangu saa sita usiku, hata maji hawakunywa, na walitembea vilima na mabonde wakiwa na tumbo tupu. Papa Pius XII alilegeza kamba mwaka 1953 na tena 1957. Papa Paulo VI akaifikisha 1964 kwenye saa moja kabla ya kupokea. Kabla ya kupokea, si kabla ya Misa kuanza! Maji na dawa havivunji mfungo. Wagonjwa, wazee na wanaowahudumia wamesamehewa. Na bado kuna mtu mzima anayemaliza andazi kwenye lango la kanisa na kuingia na jojo mdomoni. Ama yule aliyeshinda kwenye rubisi mpaka usiku wa manane, akaja asubuhi pumzi yake inamtangulia, huyo amwogope Mungu.

Ukiingia, piga goti mpaka chini. Taa ile nyekundu inakuambia Bwana yuko nyumbani. Kuinamisha kichwa kidogo kama unayempita mwenyekiti wa kijiji hakutoshi kama magoti yako ni mazima. Zima simu. Wanakwaya, mageuzo si wakati wa kutafuta sauti ya kinanda. Ukipokea mkononi, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, viganja safi. Sema Amina isikike, kula pale pale kabla hujageuka, na utazame kiganja kama kimebaki kipande, maana hata katika chembe ni Yeye mzima. Usidake kwa vidole. Kisha rudi ukapige magoti. Anayetoka na komunyo mdomoni kuwahi bodaboda amemwacha mgeni wake mlangoni.

Februari 2023 mtu mmoja alivamia usiku kanisa kuu la jirani zetu wa Geita, akavunja na kunajisi vitu vitakatifu. Askofu Flavian Kassala alilifunga kanisa lile, na halikufunguliwa hadi Machi 18, baada ya sala za malipizi. Wengi walilia, na walikuwa na haki. Lakini tabernakulo ya mbao au ya chuma hutengenezwa upya na fundi. Wewe mwenyewe ni tabernakulo kila unapokomunika. Umewahi kuifanyia malipizi ile iliyonajisiwa ndani yako?

Sasa niwageukie ninyi mnaobaki kwenye benchi mwaka hadi mwaka kwa sababu ya uchumba sugu. Watoto wanne, nyumba ya bati, shamba la kahawa, na bado hamjafunga ndoa! Mama, najua unavyoinamisha macho mstari ukipita. Najua unavyomsukuma mwanao akapokee, wewe ukabaki na mkoba wake. Baba, ni wewe unayemzuilia mwenzako meza ya Bwana. Utaniambia mahari haijaisha. Padre hadai mahari. Utaniambia hamna fedha ya sherehe. Kanisa halijaomba ng'ombe wala turubai: kama hakuna kizuizi, linataka ninyi wawili kwa hiari yenu, mashahidi wawili, na padre au shemasi. Suti unaweza kuazima, au usivae kabisa. Jumatatu, kabla hujaenda shamba, nendeni wote wawili kwa katekista mkamwambie aandike majina yenu. Matangazo husomwa Jumapili tatu. Wala si lazima msubiri mavuno ya kahawa.