Sekunde za Kagera na Umri Wetu

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu wa Mwitongo, nawausia ninyi na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, watu wakijiandaa kwa Idi el-Hajj, ng'ambo ya ziwa letu ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa ukubwa wa 5.9. Nyumba zilianguka Bukoba na vijijini, watu wasiopungua 16 wakafariki. Tusiwahukumu marehemu: Mtume ametufundisha kuwa anayefia chini ya kifusi ni miongoni mwa mashahidi.

Tetemeko lenyewe lilikuwa la sekunde tu. Lakini nani aliyekuwa ndani ya nyumba inayoyumba atakayekuambia lilikuwa fupi? Wataalamu wanaeleza kuwa penye hofu saa haipunguzi mwendo; kumbukumbu ndiyo inayoshika mengi zaidi, na tukio likikumbukwa huonekana refu. Katika sekunde zile moyo wote ulikuwepo.

Sasa tazameni siku zetu. Ramadhani imetoka juzi, tayari nyingine inabisha hodi. Abu Huraira amepokea kwa Mtume, katika Sahihi Bukhari, kuwa miongoni mwa dalili za Kiama ni matetemeko kukithiri na zama kukaribiana. Yametajwa pamoja. Wapo wanazuoni walioeleza kuwa zama kukaribiana ni wakati kuondokewa na baraka.

Baraka huondoka vipi? Mtu anaswali rakaa nne, moyo uko mwaloni Musoma unapigia hesabu dagaa. Anakaa na mzazi wake mgonjwa, macho yako kwenye simu. Siku imepita, yeye hakuwemo. Na Suratun-Naziat inatutahadharisha kuwa Siku ya Kiama umri mzima utaonekana kama kipande cha siku moja.

Ardhi ikitikisika, kila mmoja humkumbuka Mola wake, deni lake, na nduguye aliyemnunia. Mbona tungoje itikisike? Leo kabla jua halijatua, mwenye deni alilipe au aombe muda; waliogombania mpaka wa shamba wapeane mikono; na Alasiri tuiswali kwa wakati wake, mioyo ikiwemo.

Ewe Mola, tubarikie nyakati zetu, warehemu waliotutangulia, utujaalie toba kabla ya mauti. Amin.