Nilimsikia Mume Wangu Akisali

Jioni ya tarehe 19 Machi 2025, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, mume wa Maria, habari zilitufikia huku Masisi kwamba waasi wa M23 wameingia Walikale. Mimi ni binti wa Walikale, Mnyanga niliyeolewa kwa Wahunde. Nilipiga simu ya mama mara kumi, haipatikani. Maharagi yakaungulia kwenye mbabula na hakuna aliyeinuka kuyaepua.

Mume wangu akazima redio. "Mama Neema," akaniita, "njoo tusali."

Ilikuwa Kwaresima, wiki mbili tu tangu Jumatano ya Majivu. Sisi ni watu wa sala tangu zamani, ila kila mtu na yake. Kwenye shirika tunasali pamoja na majirani. Nyumbani yeye husali kimoyomoyo kitandani, mimi na rozari yangu jikoni. Nilidhani inatosha, maana Mungu ni mmoja na anatusikia sote.

Usiku ule nilitandika kikwembe chini, tukapiga magoti. Aliwaombea watoto, akamwombea mama yangu, kisha kimya. Nikajua amemaliza. Ndipo akalitaja jina la kaka yangu mkubwa. Walikuwa hawasemezani kwa miaka minne kwa sababu ya maneno yaliyotoka siku ya kumaliza mahari. "Bwana, mlinde huko porini alikokimbilia," akasema. "Nami unisamehe. Mimi ndiye niliyemfungia mlango."

Neno hilo nilikuwa nimelibembeleza miaka minne. Sikulipata wakati wa chakula wala kitandani. Nililipata tukiwa tumepiga magoti.

Vita imetuzoesha maneno ya haraka: nani atambeba mtoto, vyeti viko wapi, unga umebaki kiasi gani. Mke na mume wanaweza kukimbia pamoja mara tatu, na bado mmoja asijue mwenzake anaogopa nini. Wahenga walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Sisi wa Walikale tunaujua msitu: usipoonyeshwa njia na mwenyeji, utapotea. Mume anaposali kwa sauti mbele ya mkewe, yeye mwenyewe anamwonyesha njia.

Maandiko yanalijua jambo hili. Tobia na Sara waliinuka wakasali usiku wa ndoa yao, huku kifo kikiwangoja mlangoni. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anawaruhusu wanandoa kujinyima kwa muda ili wasali, lakini kwa sharti kwamba wapatane wote wawili. Na Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa tarehe 19 Machi 2016, hakuzidai familia saa nyingi. Alizihimiza zipate dakika chache kila siku za kumweleza Mungu mahangaiko yao.

Nawasihi wanandoa wenzangu jambo moja: sala isigeuzwe fimbo. Ukisema, "Bwana, mbadilishe huyu mwanamume aache pombe ya kasiksi," hujasali. Umemgombeza mumeo huku umefumba macho. Taja kosa lako, taja hofu yako, umshukuru Mungu kwa jambo moja jema ulilomwona mwenzako akilitenda leo. La mwenzako mwachie alitaje mwenyewe.

Tuliendelea hivyo kila jioni. Siku nyingine tulikuwa tumechoka, tukasema Baba Yetu tu na kulala. Mwanzoni mwa Aprili M23 waliondoka Walikale, na baada ya siku chache simu ya mama ikaita. Alikuwa hai, ametoka porini, kaka yangu yuko kando yake. Nililia nikashindwa kuongea.

Mume wangu alinyoosha mkono, akaichukua simu taratibu. "Shemeji," akasema, "ni mimi."