Elimu Isiyowafikia Wenyewe

Ndugu zetu, mtaa wa Lucky Summer huko Nairobi u jirani na jaa la Dandora. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi wake: watoto 328 wakaao kandokando ya jaa hilo walipimwa, na nusu yao walikutwa na sumu ya risasi damuni kupita kadiri iliyokubaliwa. Uliandikwa kwa Kiingereza. Yuko asemaye kwamba mtaalamu akishachapisha amekwisha tekeleza amana yake. Mimi siafiki, mama asiyejua lugha ile atausomaje? Lakini lawama kubwa ni yetu, sisi tuliousoma tukanyamaza. Wala tusidhani haya ni ya bara tu. Mto Nairobi humwagika katika Athi, na Athi ndio Sabaki, uingiao baharini karibu na Malindi, twendako kuvua.