Nani Alikosa? Giza la Jioni Ufukweni mwa Mweru

Jua likitua Kashikishi, nchini Zambia, ndipo wavuvi wa Nchelenge wanapoanza kazi. Taa zinawashwa, mitumbwi inasukumwa ndani ya Ziwa Mweru, na chisense, visamaki mithili ya dagaa, huufuata mwanga hadi nyavuni. Ufukweni watoto bado wanacheza. Mfikirie mmoja wao: mchana kutwa alikuwa hashikiki kwa mbio, na sasa giza linapoingia amesimama palepale, mikono mbele, akipapasa njia anayoijua tangu alipojifunza kutembea. Wenzake wanacheka. Nyumbani ataitwa mvivu, au watanong'ona kwamba hapa kuna mkono wa mtu.

Bonde hili la Luapula linaijua hali hii vizuri mno. Miaka ya nyuma wageni walilibandika jina la Bonde la Vipofu, kwa wingi wa watoto waliopoteza macho wangali wadogo. Madaktari walitaja mambo matatu yaliyoshikana: surua, upungufu wa vitamini A, na dawa kali za kienyeji zilizotiwa machoni. Taarifa ya utafiti kuhusu ukavu wa macho kwa watoto wa bonde hilo ilichapishwa mwaka 1988. Muhogo mweupe, ambao unga wake ndio ugali wa pande hizo (ng'ambo, Congo, wanauita bukari), unashibisha lakini hauna vitamini hiyo. Surua nayo ikimpata mtoto humaliza hata akiba kidogo aliyokuwa nayo mwilini.

Swali la "nani alikosa?" ni la kale. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, nao wanamuuliza Yesu kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake. Yesu anayakataa majibu yote mawili, kisha anatema mate, anafanya tope na kumpaka machoni. Waislamu nao wana sura ya Abasa, ambamo Mtume anaonywa kwa kumkunjia uso Ibn Umm Maktum, kipofu aliyemjia akitaka kufundishwa. Lawama hapo haikumwangukia asiyeona. Ilimwangukia aliyempa mgongo. Hata hivyo, kanisani na msikitini, na hasa kwenye mazishi, watu wangali wanamtafuta mkosaji.

Kuna kipimo ambacho hakimtafuti. Mwaka 1865, huko Uppsala nchini Sweden, Frithiof Holmgren aligundua kwamba umeme wa jicho hubadilika mwanga unapoliangukia. Ugunduzi huo ndio uliozaa elektroretinografia. Mtoto hutiwa matone ya kupanua mboni, kisha hukaa kwenye giza totoro kwa dakika 20, labda amempakata mama yake. Elektrodi nyembamba kama uzi huwekwa kwenye ukingo wa jicho. Mwanga unamulika mara moja, kufumba na kufumbua, na kwenye skrini mstari unashuka kidogo, halafu unapanda. Kushuka ni jibu la seli zinazopokea mwanga, na kupanda ni jibu la seli zinazofuata katika njia ya kwenda kwenye ubongo. Mtoto hakuulizwa neno. Aliyekuwa akiambiwa anajifanya amepata shahidi ndani ya jicho lake mwenyewe.

Ila shahidi huyo anasema kilichotokea tu. Mstari ukiwa mfupi, sababu inaweza kuwa chakula, na inaweza kuwa urithi. Mwaka 1967 Ragnar Granit, mtafiti wa umeme huo wa jicho, na George Wald, aliyeonyesha kazi ya vitamini A katika retina, walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Haldan Keffer Hartline. Bila vitamini hiyo, seli za mwanga hafifu hazina cha kufanyia kazi. Sasa upo ugonjwa wa kurithi wa tishu unganishi, unaoitwa sudozanthoma elastikumu, ambamo nyuzi zinazoipa ngozi mnyumbuko huota chokaa. Shingoni ngozi huwa na vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nyuma ya retina, utando mwembamba ambao vitamini A hupitia kutoka kwenye damu nao huganda na kupasuka. Mgonjwa anaweza kula maini na maembe, na bado macho yake yakachelewa sana kuzoea giza.

Jeni ya ugonjwa huo, ABCC6, ilitambuliwa mwaka 2000. Ili mtoto augue lazima apokee nakala yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ilhali wao wenyewe kwa kawaida ni wazima. Hapa ndipo sayansi inapokaribia mno swali la wanafunzi wale. Mama akiambiwa "imetoka kwenu", masikioni mwake ni shutuma ileile, safari hii imevaa koti jeupe. Na si kweli. Kukosa kunahitaji mtu ajue na achague, na hakuna aliyewahi kuchagua jeni ya kumpa mwanawe. Daktari anayetoa majibu ya kipimo bila kulisema hilo waziwazi amefanya nusu ya kazi.

Mtoto mwenye upungufu wa vitamini hukatiwa ncha ya kidonge laini, matone yakakamuliwa kinywani, na mara nyingi baada ya siku chache huanza kuona tena magharibi. Yule mwingine kidonge hakitamfungulia njia. Atahitaji tochi, mkono wa kushika, na jambo moja ambalo nyumba nzima lazima ilisikie: utando ule ni mwepesi kuchanika, na pigo la kichwani linaweza kuvujisha damu katikati ya retina na kumharibia hata uoni wa mchana. Kofi analopigwa mtoto kwa kudhaniwa mvivu jioni linaweza kutosha.